Mistari Iliyokatika Kwenye Gari Namba Saba

Shemeji yangu hajapata kukaa kwenye kiti kabla hajakitikisa. Hata kwangu, ambako viti ni vilevile tangu nilipohamia, hukishika mgongoni, hukisukuma mbele na nyuma mara mbili, husikiliza, ndipo anaketi. Siku moja nilimuuliza kama anadhani nimemtegea. Akanijibu bila kucheka, "Shemeji, kiti hiki ulikikagua lini mara ya mwisho?" Nikamwambia kiti changu hakiendi safari. Akakalia ukingo tu, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Yeye ni mume wa dada yangu, na ni fundi wa usukani katika yadi ya malori ambako mimi ni karani. Yadini hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Mstari, na sababu ya jina hilo nitaifikia. Tumefanya kazi pamoja miaka kumi na tisa, yeye chini ya magari, mimi ofisini na kitabu na mhuri, na katika miaka yote hiyo sijamsikia akisema kwamba anamwamini mtu. Mlinzi wa getini anaiba dizeli. Fundi wa matairi anaficha matairi mazuri. Mwenye duka la jirani anapunja sukari. Mke wake, yaani dada yangu, kuna kitu anamficha, ila bado hajajua ni kitu gani. Hata mimi nimo kwenye orodha, lakini mimi ni shemeji, ananiambia usoni nami namrudishia, na hakuna anayenuna.

Ukimuuliza kulikoni, atakusimulia habari ya kaka yake. Enzi za ujana wake alikuwa utingo kwenye lori la kaka yake mkubwa. Asubuhi moja lori lilitoka gereji, fundi akiwa ameandika kwa mkono wake kwamba usukani ni sawa. Kwenye mteremko kaka mtu akakata usukani kushoto, na usukani ukazunguka bure. Shemeji anasema kaka yake aligeuka akamtazama, akasema, "Haushiki." Basi, hilo tu. Shemeji aliruka. Kaka yake hakupata nafasi ya kuruka. Baadaye waliokota nati barabarani, nzima, haina hata mkwaruzo, na yule fundi akaruka kimanga, akaapa kwamba aliikaza. Nati hiyo shemeji anayo mpaka leo. Iko kwenye kopo la misumari sebuleni kwao, na ole wake atakayeigusa.

Kwa hiyo sikatai, ana sababu. Lakini kuishi na mtu mwenye sababu kunachosha.

Kila Jumamosi malori yetu kumi na mawili hurudi na kupangwa kando ya ukuta. Moja baada ya jingine hupanda juu ya shimo la ukaguzi, ambalo ni mfereji wa saruji wenye ngazi, kina chake mtu anaweza kusimama. Mstari hushuka na taa yake, dereva hubaki juu ameshika usukani. Chini ya pua ya lori kuna chuma kirefu kinachounganisha magurudumu mawili ya mbele ili yageuke pamoja. Mafundi wanakiita tairodi. Kila ncha ya tairodi ina kichwa, kila kichwa kimekazwa kwa nati, na kila nati imefungwa kwa pini nyembamba inayopita ndani yake. Nati ikilegea, kichwa kinacheza ndani ya tundu lake na kulila kidogo kidogo, mpaka siku moja gurudumu la kushoto linashika njia yake na la kulia linashika njia yake.

Fundi mwingine angeimulika pini, akaona ipo, akasema twende. Mstari haamini. Huichomoa pini ya wiki iliyopita, aliyoitia yeye mwenyewe, huilegeza nati aliyoikaza yeye mwenyewe, kisha huikaza upya kwa spana yake, "mpaka mkono useme basi," na kutia pini mpya. Nilimuuliza kwa nini kila wiki anavuruga kazi yake nzuri. Akasema, "Nitajuaje kama ilikuwa nzuri?" Akimaliza hukifumbata kile kichwa kwa kiganja na kumwambia dereva, "Tikisa." Dereva hutikisa usukani kushoto na kulia, na Mstari hufumba macho. Kama kuna kugonga, hata kwa unene wa unywele, kiganja kitasikia. Halafu husema "sawa" au "haiendi," na hakuna wa kumpinga.

Mwisho huja rangi. Kwa brashi ndogo huchora mstari mwembamba kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kinachoishikilia. Nati ikigeuzwa hata kidogo, mstari unakatika, nusu huku na nusu kule, na kila mwenye macho anaona. Rangi yenyewe ni nyeupe yenye tone la bluu, ili mtu akija na nyeupe ya dukani ashikwe mara moja. Kopo analifungia kwenye sanduku lake na ufunguo anauvaa shingoni. Nikishaona "sawa" kumi na mbili kwenye kitabu, napiga mhuri, na Jumatatu mlinzi anafungua geti. Bila mhuri wangu hakuna lori linalotoka. Najivunia mhuri ule, au nilikuwa najivunia.

Kuna spana nyingine yadini, ya kupimia. Unaiwekea namba kwenye mpini, unakaza, na nati ikifika pale inapotakiwa spana inalia "ta." Ililetwa na magari mapya miaka sita iliyopita. Mstari aliisikiliza ikilia mara moja, akairudisha kwenye sanduku lake jekundu. "Siwezi kuamini chuma kinachojisifu chenyewe," akasema. Toka siku hiyo sanduku limekaa juu ya kabati langu ofisini likikusanya vumbi.

Gari namba saba linaendeshwa na mkwe wake. Mwaka jana binti wa dada, ambaye kwangu ni mwanangu, aliolewa na dereva wa yadi yetu, mtu wa miaka thelathini na kitu, mtulivu, asiye na makuu. Baba mkwe alimkagua kama anavyokagua lori lililonunuliwa mnadani. Hakupata kasoro, na hapo ndipo wasiwasi ulipoanza. Mkwe alikuwa na adabu mno. Ndiyo baba, hapana baba, ahsante baba. Haketi mpaka aambiwe, haongei mpaka aulizwe. "Mtu wa namna hiyo anaficha jambo," Mstari aliniambia. Nikamwambia anaficha njaa, maana mezani kwa baba mkwe haonyeshi hata kwamba ana meno.

Jumapili moja nilikwenda kwao. Dada alikuwa amesimama mbele ya mumewe akimfunga vifungo vya shati, kimoja kimoja, kama anamwandaa kwenda shule. Nikauliza tangu lini bwana mkubwa anavalishwa. Akajibu yeye mwenyewe kwamba siku hizi mafundi cherehani wanatoboa matundu madogo makusudi, ili mashati yaharibike upesi watu wanunue mengine. Dada akaendelea na kifungo kinachofuata. Baadaye tukanywa chai kwenye vikombe vya bati. Changu nilikiweka chini mara mbili kwa moto wake. Yeye alikifumbata chake kwa viganja vyote viwili huku akinieleza habari za mlinzi na dizeli. Nikamwambia ana mikono ya chuma. Akafurahi kweli, maana sijawahi kumpa sifa nyingine.

Nimekwishajilaumu kwa sentensi ile mara nyingi.

Jumamosi iliyofuata alipanda kutoka shimoni akaja moja kwa moja ofisini, mikono ina grisi, akafunga mlango nyuma yake. "Shemeji, kuna mtu anagusa vyuma vyangu."

"Vipi?"

"Namba saba. Mistari imekatika, nati zote mbili. Na pini zimekunjwa kwa mkono mwingine. Mimi nakunja masikio ya pini moja juu moja chini. Huyu kayakunja yote pembeni."

Nikamwambia labda njiani mkwe alipata tatizo akatengenezewa. Akasema alishamuuliza, na mkwe kajibu, "Hapana baba, hakuna fundi aliyeligusa." Akaniigizia ile sauti ya adabu. Kisha akakagua upya, akakaza, akatia pini, akachora, na mimi nikapiga mhuri.

Wiki iliyofuata mistari ilikatika tena. Namba saba peke yake. Magari mengine kumi na moja mistari yao ilikuwa mizima, imenyooka kama ilivyochorwa. Hapo yadi ikageuka mahakama. Mlinzi alihojiwa kwa nini taa ya ukutani imeungua. Fundi wa matairi aliambiwa aonyeshe spana zake zote na aeleze kila moja kaipata wapi, na tangu siku hiyo hawajasalimiana. Mstari alianza kula chakula cha mchana amesimama dirishani, akitazama nani anapita wapi. Mimi mwenyewe nikaanza kuwatazama watu kwa jicho la pembeni. Ukikaa na mtu wa namna ile, mwishoni unajikuta unahesabu kalamu zako.

Mwisho wa yote akabaki na mtu mmoja. "Ni yeye," akaniambia. "Anapeleka gari kwa watu wa huko njiani. Wanachomoa vichwa vizuri wanavitia vibovu. Ndiyo maana analegeza."

"Umeona kichwa kibovu?"

"Bado. Lakini nati imegeuzwa. Nati inageuzwa kwa nini kama si kulegezwa?"

Jumamosi ya tatu ikawa yaleyale. Safari hii hakuja ofisini. Alimsubiri mkwe ashuke kutoka kwenye gari, akamuuliza mbele ya madereva wote kama ana la kusema. Mkwe akatazama chini. "Sina, baba." Kimya kile kilimhukumu kuliko ushahidi wowote. Shemeji akatangaza, kila mtu akisikia, kwamba Jumamosi ijayo akikuta mstari umekatika, atakwenda kwa meneja na mkwe ataacha kazi, na siku hiyohiyo binti yake atarudi nyumbani. "Simwachi mwanangu kwa mtu anayecheza na usukani."

Jioni mwanangu alinipigia simu. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mama mdogo, kuna kitu unakijua?" Nikamwambia sijui. Nilipokata simu nikaona aibu, kwa sababu nilikuwa na kitu kimoja nilichokiona na kukinyamazia. Siku mbili kabla, nikitafuta karatasi juu ya kabati, mkono wangu uligusa lile sanduku jekundu la spana ya kupimia, na mkono haukuchafuka. Vumbi la miaka sita halikuwapo. Nami moyoni nikasema, kumbe kweli mkwe ni mwizi, na sikutaka kuwa mimi wa kusema.

Ofisi yangu hufunguliwa na mlinzi saa kumi na moja na nusu alfajiri ili madereva wachukue funguo zao. Jumatatu ile nilifika saa kumi na mbili kamili. Sanduku lilikuwa juu ya kabati, nikalifungua, tupu. Nikavua viatu, nikaenda peku kwenye saruji mpaka ukingoni mwa shimo. Namba saba lilikuwa juu yake na taa inawaka chini. Nikasikia "ta." Baadaye kidogo, "ta" nyingine.

"Toka hapo," nikasema.

Mkwe alitokeza kichwa chini ya bampa. Hakuonekana kama mtu aliyefumaniwa. Alionekana amechoka. "Shikamoo, mama mdogo," akasema, na mimi kwa hasira nikaitikia marahaba.

"Unaiba nini?"

"Shuka uone. Tafadhali."

Nikashuka na miguu yangu mitupu. Akamulika nati ya kushoto. Mstari wa shemeji ulikuwa umekatika, ile nusu ya kwenye nati imeachana na nusu ya chini kwa upana wa kidole gumba. "Utazame vizuri," akasema. "Umekwenda upande gani?"

Mimi si fundi, lakini nimefungua na kufunga chupa maisha yangu yote. Mstari ulikuwa umesogea kulia. Kulia ni kukaza.

Akanieleza kwa sauti ya chini, kama vile baba mkwe yuko nyuma ya ukuta. Wiki tatu zilizopita, njiani, alihisi usukani unaelea. Akasimamisha gari, akaingia chini. Mstari ulikuwa mzima. Pini ilikuwepo. Lakini nati ilikuwa imelegea kiasi kwamba alipochomoa pini aliigeuza kwa vidole viwili, na kichwa kilikuwa kinacheza, kimeshaanza kula tundu lake. Akaikaza kwa spana ya gari. Jumamosi baba akailegeza kama kawaida yake, akaikaza, akachora. Jumatatu mkwe akaipima, imelegea tena.

"Alipokuwa anakishika kichwa Jumamosi," akasema, "mimi nilikuwa juu natikisa. Kilikuwa kinagonga mpaka nakisikia kwenye mikono yangu, kwenye usukani. Yeye amekifumbata kwa kiganja. Akasema sawa."

Nikakumbuka vifungo vya shati. Nikakumbuka kikombe cha bati.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningemwambiaje, mama mdogo? Nimwambie baba mikono yake haisikii? Mimi?" Akaifuta spana kwa kitambaa ingawa ilikuwa safi. "Nikaona bora nikaze mwenyewe. Na akitaka kunifukuza, anifukuze."

Kidogo tu nimhurumie. Nilikuwa hata nimeinua mkono nimshike bega. Ndipo nikawaza magari kumi na moja, mistari mizima, imenyooka, hakuna aliyeigusa tangu Mstari alipochora.

"Na yale mengine?" nikauliza.

Akaifuta tena ile spana.

"Nakuuliza. Hayo mengine kumi na moja nani anayakaza?"

"Mimi naendesha namba saba," akasema.

Nilitaka kumzaba kibao. Nasema wazi, nilitaka. Wiki tatu mtu anaona, na adabu yake inamziba mdomo, na watu kumi na mmoja wanashuka mteremko wameshika usukani uliofungwa na mhuri wangu mimi. Lakini kabla sijafungua kinywa, juu yetu injini ikanguruma. Namba nne ilikuwa inapasha moto. Namba nne hutangulia Jumatatu kwa sababu ya umbali.

Nilipanda zile ngazi sijui vipi. Nikasimama mbele ya lori peku, mikono juu, mpaka dereva akazima. Nikamwambia mlinzi afunge geti kwa kufuli. Madereva waliokuwa wamefika wakaanza kuuliza maswali, nikawaambia mhuri uko mfukoni mwangu na mfuko uko mwilini mwangu, anayeutaka aje. Hakuja mtu.

Mstari aliingia saa moja kasoro robo kwa mlango mdogo. Aliona geti limefungwa, madereva wamekusanyika, mkwe wake amesimama na spana ya kupimia mkononi. Uso ukamchangamka, jambo ambalo sikulitegemea. Alikuwa ametimiziwa aliyokuwa akiyasubiri.

"Umemshika," akaniambia.

"Nimemshika, shemeji. Twende shimoni."

Tulikuwa tumeshaivutia namba nne juu ya shimo. Tukashuka watatu. Nikamwambia amulike mwenyewe. Akamulika. Nati zote mbili, mistari mizima, nyeupe yenye bluu yake. "Rangi ya nani hii?" nikauliza.

"Yangu."

"Imekatika?"

"Haijakatika. Unataka nini, shemeji?"

Nikamwambia mkwe achomoe pini na akaze. Mkwe akanitazama kama naomba roho yake. "Kaza," nikasema. Akaiweka ile spana, akavuta. Nati ikazunguka. Ikaendelea kuzunguka. Tuliutazama ule mstari ukikatika mbele ya macho yetu, nusu ya juu ikihama kulia, robo, ikakaribia nusu ya mzunguko, ndipo spana ikasema "ta."

Mstari akainama akaitazama spana. Kisha akatabasamu, tabasamu ambalo silipendi. "Mmeilegeza nyinyi. Mlikuja mapema mkailegeza, ili mseme ni mimi. Na hiyo spana imeharibika, nilisema tangu mwanzo." Akamgeukia mkwe. "Kwa hiyo ndilo ulilokuwa unalitafuta. Nafasi yangu."

"Hapana, baba."

"Shemeji," nikasema, "tungeilegeza mstari ungekatika kushoto. Uliuona mzima kwa macho yako. Kopo liko ndani ya sanduku lako, ufunguo uko shingoni mwako. Nani mwingine ana bluu hiyo?"

Mstari akaushika ufunguo wake shingoni. Alikuwa amejijengea ukuta imara kwa miaka kumi na tisa mtu asiweze kumdanganya, na sasa alikuwa anautafutia tundu na hapakuwa na tundu. Akaitazama nati. Akaitazama muda mrefu, na nadhani hakuwa anaiona ile iliyokuwa mbele yake.

Nati ya kulia ilikuwa bado haijaguswa. Mkwe angelinyamaza pale. Dada yangu alikuwa amenyamaza siku zote hizo akifunga vifungo. Kwa hiyo ikabaki kazi ya shemeji mtu. Nikamwambia, "Weka mkono." Nikamtuma mkwe juu akashike usukani. Mstari akakifumbata kile kichwa cha kulia kwa kiganja, akafumba macho kama afanyavyo siku zote.

"Tikisa," akasema.

Usukani ukatikiswa. Ko, ko, ko. Nilikuwa nimesimama hatua mbili na nilisikia. Dereva wa namba nne aliyechungulia ukingoni alisikia, akarudi nyuma. Mstari alikuwa amefumba macho, uso mtulivu, anasikiliza kwa mkono.

"Kimya," akasema. "Hii haina kitu."

Ko, ko, ko. Nadhani mara ya tatu ndipo masikio yake yalipomfikia. Akafumbua macho. Akautazama mkono wake uliokuwa juu ya chuma, akaukaza zaidi, akaukandamiza. Chuma kiliendelea kugonga ndani ya kiganja chake. Akajaribu mkono wa kushoto. Halafu akaitoa yote miwili, akaishusha.

"Tangu lini?" akaniuliza mimi.

"Sijui, shemeji. Wewe ndiwe mwenye mikono."

Ni jibu baya. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa naogopa, na lilinitoka. Akalipokea bila kulirudisha, na hapo ndipo nilipojua kwamba ameumia.

Akakaa kwenye ngazi ya shimo. Hakuitikisa kwanza. Akauliza, "Usiku wa harusi ya binti yangu, nilimwambia nini mume wake?" Nikasema sikumbuki. "Nilimwambia, siku ukishika kitu cha mwanangu ukasema sawa wakati si sawa, nitakusaka." Akasugua viganja magotini, taratibu, kama mtu anayefuta kitu kisichotoka. "Yule fundi wa kaka yangu aliapa aliikaza. Nilimwita mwongo mbele ya mama yake."

Kisha akanyanyuka, akapanda juu. Madereva wakampisha. Akafungua mlango wa namba nne na kumwambia mkwe wake, "Shuka."

Mkwe akashuka upesi. Shemeji akashika mpini, akajivuta kwa taabu, akaketi mahali pa dereva. Katika miaka kumi na tisa sijapata kumwona amekaa pale. Akashika usukani kwa mikono yote miwili. "Ingia shimoni," akasema. "Shika kichwa."

Mkwe akaingia. Akaweka kiganja kwenye chuma, akainua uso kuangalia juu, akabaki hivyo. Nilielewa kilichomkwamisha: hajawahi kumwamuru baba mkwe hata amsogezee chumvi.

"Unangoja nini?" sauti ikatoka juu. "Sema."

"Tikisa, baba."

Usukani ukaenda kushoto na kulia, taratibu, kwa uangalifu. Mkwe alifumba macho.

"Inagonga, baba," akasema. "Haiendi."

Nikasubiri. Nilimjua mtu yule. Nilisubiri ashuke, aje na taa yake, aikague nati, aikague pini, amuulize mkwe amejuaje, na nani kamtuma, na jana alikuwa wapi. Taa yake ilikuwa pale ukingoni, bado inawaka. Aliendelea kukaa, mikono kwenye usukani, akitazama geti lililofungwa.

"Andika haiendi," akaniambia.

Nikafungua kitabu kwenye ukurasa wa Jumamosi, pale palipokuwa na "sawa" kumi na mbili kwa mwandiko wake, nikakata ya namba nne na kuandika. Akauliza namba tano iko wapi, iletwe. Hakushuka kwenda kuhakikisha.